Furungu la Bi Tabia na Jiwe la Makungu

Siku ile mtaa mzima wa Mkunazini uliamini kwamba Makungu amekuja kumkata mguu mama wa mchumba wake.

Siwalaumu. Ukimwona kijana anapanda ngazi na mashine ya kukatia vyuma begani, waya unaburuzika nyuma yake, na juu kuna mwanamke analia "Mguu wangu mie, mguu wangu!", wewe ungewaza nini?

Mwaka ni 1968. Mimi sikuwapo. Lakini kisa hiki nimepewa na wahusika wenyewe, kila mtu na upande wake, na kwa miaka mingi nilikatazwa kukisema. Sasa nimeruhusiwa. Kaa vizuri.

Makungu alikuwa kijana wa Kikwajuni, asili yake Tumbatu. Kazi yake ilikuwa kwenye majumba mapya ya serikali yaliyokuwa yakipandishwa huko huko Kikwajuni. Wajerumani walileta mashine, na pamoja na mashine wakaleta sanduku la mawe ya kukatia.

Si mawe ya kujengea. Haya ni ya duara, membamba kama chapati. Unalifunga jiwe kwenye mashine, linazunguka mpaka hulioni, ukiligusisha kwenye kitu linakikata.

Watu wengi pale kazini walidhani jiwe ni jiwe. Makungu alijua siyo.

Kuna la chuma kigumu kama nondo, jembamba. Kuna la tofali na saruji, nene, lenye chenga. Kuna la marumaru, ukingo wake unametameta, na hilo ukikatia lazima umwagie maji. Halafu kuna la vyuma laini: shaba, bati, fedha. Maana chuma laini ukikikata kwa jiwe la nondo kinaliziba jiwe, linabaki kusugua na kuchoma tu, halikati.

Na mashine nazo zina mambo yao. Ile ndogo huzunguka kwa kasi kuliko kubwa. Lazimisha jiwe la mashine kubwa kwenye ndogo, litapasuka, na vipande vyake havichagui jicho la nani.

Kulikuwa na mwenzao mmoja, Pandu, alichukua jiwe la chuma akaenda kukatia tofali. Jiwe likaisha kama sabuni ya kufulia. Akachukua jingine. Likaisha. Alipofika la tatu, msimamizi akamnyang'anya mashine, na ufunguo wa sanduku la mawe akakabidhiwa Makungu.

Basi kichwa kikavimba.

Tangu siku hiyo Makungu hakugusa kitu bila kuuliza, "Hiki kimetengenezwa kwa nini?" Hilo ndilo swali la kwanza alilofundishwa, na akaligeuza dini. Akipewa kikombe cha kahawa, anakigonga kwa ukucha. "Huu udongo. Jiwe la marumaru, na maji." Msibani aliwahi kulitazama jeneza la msikiti akamnong'oneza mtu wa pembeni, "Mbao hii msumeno unatosha, lakini ukifika kwenye vishikio ubadilishe."

Yule mtu alihama nafasi.

Sasa, huyu bwana akampenda Mwanakheir binti Hasan, wa Mkunazini. Ilivyokuwa ni habari ndefu. Kwa ufupi, alimwona kwenye harusi ya watu, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alikitazama kitu bila kujiuliza kinakatwa kwa jiwe gani.

Akatafuta mshenga. Mshenga akawa ami yake, Machano.

Machano alikuwa fundi wa makufuli na miavuli pale Darajani. Mkewe alishafariki, watoto hana, na alikuwa na domo ambalo mji mzima ulilijua. Ukitaka habari ienee Unguja yote kabla ya adhuhuri, mwambie Machano, halafu umsihi asimwambie mtu. Kazi ya ushenga aliipenda kwa sababu mshenga hupewa chai na vitumbua.

"Ami, nakuomba," Makungu alimwambia. "Huko usizungumze sana."

"Mimi?" Machano akashangaa kwa dhati.

Alikwenda. Akarudi ameshiba. Posa ilisikilizwa, Bi Tabia hakukataa.

Bi Tabia ndiye mama yake Mwanakheir. Alikuwa mjane, bado hajazeeka, mwanamke wa heshima zake, na alijulikana kwa kitu kimoja: mafurungu yake. Pete mbili nene za miguuni, kila moja unene wa kidole gumba, zenye komeo. Marehemu mumewe, Hasan, alimvisha siku ya harusi yao.

"Fedha tupu," Bi Tabia alikuwa akisema, na hakuna mwanamke wa Mkunazini ambaye hakuwahi kuambiwa. "Hasan hakuwa na kitu, lakini alinivisha fedha tupu. Na siku ya harusi ya Mwanakheir yatakuwa yake."

Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri mpaka mvua za masika zilipolowesha ngazi. Bi Tabia akateleza. Mguu wa kulia ukavimba, ukavimba, mpaka furungu likazama kwenye nyama. Komeo likagoma kufunguka. La kushoto lilitoka. La kulia, hata ufanyeje.

Daktari akamwambia bila kumung'unya maneno: hilo litolewe upesi, au tutazungumza habari nyingine kuhusu huo mguu. Akataka kulikata palepale. Bi Tabia akajifunga buibui, akarudi nyumbani anachechemea.

Masonara? Wengi walishaondoka baada ya yale mambo ya sitini na nne. Mmoja aliyebaki aliitwa, akafika mpaka mlangoni, akarudishwa.

Na harusi ikasimama.

Machano alileta habari Darajani, Makungu akiwa amekaa kwenye kigoda katikati ya makufuli.

"Anasema hamwozi mwanawe yeye amelala kama gunia. Mpaka mguu upone."

"Basi nitamkatia mimi furungu! Kazi yangu hiyo, Ami!"

"Nshamwambia. Anasema mguu wake haushikwi na mwanamme asiyekuwa mahram wake, asiyehalalishiwa kumgusa."

"Mahram wake nani?"

"Ndo hapo sasa. Baba keshakufa, kaka hana, mtoto wa kiume hana." Machano akapuliza vumbi kwenye kufuli. "Labda mkwe. Mkwe ni mahram."

"Mkwe si mimi?"

"Utakuwa mkwe ukishaoa."

"Nitaoa lini?"

"Mguu ukishapona."

"Mguu utapona lini?"

"Furungu likishakatwa, mwanangu."

Makungu akashika kichwa. Alikuwa na jiwe la kukatia kila kitu Unguja nzima, na hakuwa na pa kuanzia.

Wiki zikapita. Machano akawa anakwenda Mkunazini kila siku, kumbembeleza Bi Tabia, alisema. Vitumbua vilimkubali. Makungu akawa anamsubiri Darajani anaporudi, na kila siku jibu ni lile lile, na kila siku mguu ni mbaya kuliko jana.

Mwishowe maumivu yakamshinda mwanamke wa watu. Akakubali, kwa sharti. Mashine itashikwa na Mwanakheir. Makungu atakaa nje ya pazia, atatoa maelekezo kwa mdomo. Machano atakaa ngazini kama mtu mzima wa kusimamia. Basi.

Makungu alikuwa na hofu, na alikuwa na haki ya kuwa nayo. Mashine ile hata wanaume iliwatoa jasho. Lakini alichagua ile ndogo, akamfundisha Mwanakheir kwanza kwenye sinia bovu la shaba, yeye huku pazia katikati, anasikiliza mlio tu.

"Usilisukume. Liache lijiendee lenyewe."

"Hivi?"

"Hivyo hivyo. Mashaallah."

Hayo ndiyo yalikuwa mahaba yao. Sinia likatoka vipande viwili, na Makungu aliniapia kwamba mkono ule ungekuwa wa fundi laiti dunia ingeruhusu.

Siku ya siku ikafika. Ndiyo ile niliyoanza nayo. Majirani walishajaa ngazini, Bi Mwanapili wa chini akiwa mbele. Huyu Bi Mwanapili alikuwa mpinzani pekee wa Machano katika kusambaza habari. Alisema amekuja kumwombea dua mgonjwa.

Makungu akafungua sanduku lake mbele ya pazia. Akauliza swali lake.

"Bi Tabia, shikamoo."

"Marahaba. Fanya upesi, mwanangu."

"Samahani, lazima niulize. Hicho kimetengenezwa kwa nini?"

Kitanda kikalia nyuma ya pazia, kama mtu aliyejigeuza.

"Hujasikia? Mji mzima unajua. Fedha."

"Fedha tupu?"

"Makungu! Umekuja kukata au kunihoji? Fedha tupu!"

Basi. Mtu keshajibu mara mbili. Makungu akatoa jiwe la vyuma laini, akalifunga, akaikaza nati, akalizungusha kwa mkono kuona halina ufa, akaipitisha mashine chini ya pazia. Mwanakheir akapenyeza kipande cha bati kati ya komeo na ngozi. Akaweka kitambaa cha maji.

"Bismillahi," alisema Mwanakheir.

Mashine ikalia.

Makungu alikuwa amefumba macho, anasikiliza. Sauti haikuwa ile ya sinia. Hii ilikuwa inakwaruza, inapiga kelele. Akafumbua macho.

Nyuma ya pazia kulikuwa kunawaka.

Cheche. Cheche za rangi ya machungwa zinaruka mpaka darini, zinaonekana kupitia kitambaa, zinapita chini ya pazia zinafika mpaka kwenye vidole vyake vya miguu.

Sasa nikuombe ukumbuke huyu ni fundi. Fundi akiona kosa la kazi mdomo unatangulia, akili inafuata baadaye. Makungu akaruka wima akapiga ukelele ambao mpaka leo haujatulia:

"Zima! Zima! Hiyo si fedha! Fedha haitoi cheche! Hicho ni chuma kimepakwa!"

Mashine ikazimika.

 Kisha ikasikika sauti ya Bi Mwanapili, taratibu, kama mtu anayeonja mchuzi:

"Ati chuma?"

Makungu ndipo alipojua alichofanya. Alitaka kuyala maneno yake, lakini yalishafika chini barabarani.

Nyuma ya pazia Bi Tabia hakulia. Sauti yake ilitoka kavu.

"Bwana Machano."

"Naam, Bi Tabia."

"Mchukue mwanao. Posa hakuna."

Na aliyemtupia Makungu mashine chini ya pazia, kwa nguvu, alikuwa Mwanakheir. Hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Walishuka ngazi kati ya mistari ya wanawake wanaojifunika midomo kwa kanga. Makungu alitegemea ami yake atamfariji. Machano hakusema neno mpaka Darajani. Machano! Makungu akaogopa, akidhani mzee anaumwa.

Walipofika, Machano akafungua kibanda, akakaa, akavuta pumzi. Mteja wa kwanza akaja na mwavuli.

"Umesikia ya Mkunazini?" Machano akamwambia. "Huyu mwanangu huyu, mtoto wa ndugu yangu wa damu, kaenda kukata fedha ya watu kaweka jiwe baya. Cheche mpaka darini! Jiwe baya hutoa cheche hata ukikata siagi."

Makungu akadhani hakusikia vizuri.

"Ami!"

"Nyamaza. Fedha safi kabisa ya marehemu Hasan, nusura aiunguze. Halafu kwa kujitetea anasema ni chuma! Vijana wa siku hizi."

Akaja mteja wa pili. Akaambiwa. Wa tatu akaambiwa na wa pili. Kabla ya adhuhuri Bi Mwanapili alikuwa anahangaika peke yake na habari yake ya chuma, na popote alipofika alikuta habari ya Machano imeshakaa, imekunja miguu, inakunywa chai.

"Umeniuza, Ami," Makungu alisema, machozi yanamlenga. "Mimi nikosee jiwe? Mimi?"

"Wewe ulikuwa sawa," Machano alijibu bila kumtazama. "Nani kakwambia uwe sawa kwa sauti?"

Kazini walimpokea kwa makofi. Pandu ndiye aliyeanza kumwita Makungu Cheche, na wewe unajua jina la namna hiyo likishapata mtu halimwachi. Mtu akiwasha kiberiti, wote wanamtazama Makungu. Alijaribu kueleza mara moja tu. Alieleza vizuri sana: fedha ni laini, haitoi cheche, cheche ni chuma kinachoungua. Wakasikiliza mpaka mwisho. Kisha Pandu akasema, "Sasa unamsingizia mjane?"

Makungu akachukua zana zake akaondoka.

Siku chache baadaye Machano alileta ujumbe kutoka Mkunazini. Bi Tabia yuko tayari kuifikiria upya posa. Lakini Makungu lazima aseme mwenyewe, mbele ya watu, kwamba alikosea jiwe. Pale barazani chini ya nyumba yake, Ijumaa, wanaume wakitoka msikitini na wanawake wakiwa madirishani.

"Na Mwanakheir anasemaje?"

"Mwanakheir anasema alilelewa kwa hadithi ya yale mafurungu. Umeivunja mbele ya majirani. Ukitaka kumwoa, ijenge."

Makungu hakulala vizuri wiki ile. Wewe unaweza kucheka, lakini mtu huyu hakuwa na shamba wala nyumba wala ukoo wa kutajwa. Alikuwa na kitu kimoja ambacho watu walikuwa wakimheshimu nacho: hakosei jiwe. Na ndicho anachotakiwa akitupe chini, watu wakikanyage.

Ijumaa ikafika. Akapanda barazani. Pandu na wenzake wa kazini walikuwa wameshapata nafasi za mbele.

"Nilikosea jiwe," Makungu alisema.

"Sauti!"

"NILIKOSEA JIWE!"

"Kwa hiyo fedha ilikuwa fedha?" Pandu akauliza, kwa raha zake.

Makungu akatazama juu. Dirishani, nyuma ya vibao vyembamba vya kuzuia macho, aliona kipande cha kanga, hakisogei.

"Fedha tupu," akasema. "Sijapata kuona fedha safi kama ile."

 Aliniambia kwamba tangu siku hiyo amewahi kuzika, amewahi kufilisika, amewahi kupasuliwa tumbo, na hakuna kilichomuuma kama maneno yale. Kanga dirishani ikatoweka, na alisikia mtu anacheka kwa furaha, au analia, hakujua.

Jumamosi msimamizi akamwita. Hawezi kuacha sanduku la mawe kwa mtu aliyekiri hadharani hajui jiwe la fedha na la chuma. Ufunguo ukapewa Pandu.

Naam, Pandu. Yule wa tofali.

Lakini posa ilirudi. Na Bi Tabia, ambaye mguu sasa ulikuwa haumwachii hata usingizi, akaona njia: nikaha ifungwe kwanza, kimya kimya msikitini. Shangwe za harusi zije baadaye. Makungu akishakuwa mume wa Mwanakheir ni mkwe, mkwe ni mahram, atapita pazia, atakata, hakuna lawama mbele ya Mungu wala mbele ya Bi Mwanapili.

Makungu akaenda kuazima mashine kwa Pandu. Alisimama kama mwanafunzi.

"Hili la chuma," Pandu akamfundisha, akinyanyua jiwe moja moja. "Hili la tofali. Hili la fedha. Usichanganye tena. Shika hili la fedha."

Makungu alihitaji la chuma. Angeliombaje? Akiomba la chuma mji mzima utajua furungu ni la nini. Akapokea la fedha, akashukuru, na Pandu alipogeuka akaiba la chuma akalificha chini ya kanzu. Bwana harusi mzima, siku ya nikaha yake, mwizi wa jiwe.

Nikaha ikafungwa. Makungu akatoka msikitini moja kwa moja mpaka Mkunazini, mashine begani, kilemba kichwani, jiwe la chuma kifuani. Akapanda zile ngazi. Akapiga hodi.

"Karibu, mwanangu," Bi Tabia akaitikia.

Safari hii hakuna wa kumzuia. Akalifungua pazia.

Bi Tabia alikuwa amekaa kitandani, mguu wa kulia juu ya mto. Mguu mtupu. Furungu halipo.

Na kwenye kiti pembeni, amevaa msuli na fulana, kikombe cha chai mkononi, kakunja nne kama mtu wa pale pale, alikuwa Ami Machano.

Makungu akaiweka mashine chini polepole.

"Ami. Nani kamkatia furungu?"

"Mimi. Kwa tupa yangu ya makufuli. Jioni tatu nzima, shingo inaniuma mpaka sasa."

"Lakini... mahram?"

Machano akanywa chai.

"Mume si mahram?" akasema.

Kadhi alikuwa amewafungisha tangu Jumatatu, mashahidi wawili kutoka Darajani ambao Machano aliwaapisha wasiseme. Mshenga aliyetumwa kumposea mwanawe binti alikuwa amemchukua mama.

Makungu alikaa sakafuni na kilemba chake. Hakujua kama acheke, alie, au adai vitumbua vyake vyote.

Bi Tabia ndiye aliyemwambia ukweli, na hakuzunguka.

"Nilijua ni chuma tangu mwaka wa kwanza wa ndoa yangu. Kilishika kutu kwa ndani. Hasan hakuwa na uwezo wa fedha, na hakuwa na moyo wa kuniacha miguu mitupu mbele ya watu. Alinipenda. Ningemwacha daktari akate, au sonara, siku hiyo hiyo mji ungemcheka maiti kaburini. Nilitaka mtu wa nyumbani, atakayeona na kunyamaza. Ndo maana nikasema mahram."

Makungu akainamisha kichwa.

"Na huyu?" akauliza, akimwonesha ami yake. "Huyu ndiye wa kunyamaza?"

Bi Tabia akacheka, mara ya kwanza tangu masika.

"Nilimuuliza hivyo hivyo, ile siku aliyokuja kunieleza uongo alioueneza. Nikamwambia, Bwana Machano, umejuaje kwamba kuna jambo la kuficha? Akanambia alijua siku ya kwanza alipokuja na posa yako, niliposhuka ngazi. Alisikia mlio. Anasema chuma kilichopakwa hakilii kama fedha, yeye mtu wa makufuli. Miezi yote ile alijua. Na hakumwambia mtu."

Machano, domo la Darajani, akatazama chai yake kama mtoto aliyekamatwa.

"Sasa mtu kama huyo," Bi Tabia akasema, "mimi nimwache aende kwa nani?"

Mwaka wa pili wa ndoa hiyo alizaliwa mtoto wa kiume. Ndiye anayekuandikia.

Eeh. Machano ni baba yangu, Bi Tabia ni mama yangu. Mwanakheir ni dada yangu kwa mama, na Makungu ni kaka yangu kwa ami na shemeji yangu kwa wakati mmoja. Ukoo wetu ukiuchora utapata kizunguzungu.

Baba na mama wametangulia mbele ya haki. Mama, kabla hajafariki, alimwita dada akamwambia: "Nikishazikwa, mrudishieni yule kijana jina lake." Yule kijana wakati huo alikuwa na mvi na wajukuu, na mitaani bado wanamwita Mzee Cheche. Nusu ya wanaomwita hivyo hawajui kwa nini. Nusu nyingine wanajua, na wanajua vibaya.

Basi nimelirudisha. Makungu hakukosea jiwe. Aliuliza mara mbili, akajibiwa mara mbili, akafunga jiwe sahihi la kitu alichoambiwa. Fundi hufanya nini zaidi ya hapo?

Kabla sijaweka hapa nilikwenda kumsomea. Amekaa kwenye mkeka, dada Mwanakheir pembeni anachambua mchele, macho mekundu. Nilisoma yote: pazia, baraza, kanga dirishani, maneno ya mama. Nilipomaliza nilitegemea atalia na yeye.

"Hapo kwenye jiwe," akasema, "ungetaja ukubwa. Watu watadhani nilifunga kubwa kwenye mashine ndogo."

"Kaka, ndo hilo tu?"

Dada akamrushia punje za mchele.

"Basi waandikie funzo," akasema, akijifuta ndevu. "Andika hivi. Kabla hujachagua jiwe, uliza kitu hiki kimetengenezwa kwa nini. Ukijibiwa, usiamini sana. Na ukishajionea mwenyewe, bwana wee, zima mashine na ufunge mdomo."